Mpira Tusioulipia Mlangoni

Kila ligi kuu ya kandanda inapomalizika, mabarazani mwetu hapa Pwani huzuka maneno yale yale: kwamba timu zetu huonewa, kwamba marefa wana wenyewe, kwamba kombe lilikwisha kupangiwa mtu tangu siku ya kwanza. Maneno hayo nimeyasikia tangu nilipokuwa mtoto wa chuoni, wala sidhani kwamba yote ni uzushi. Lakini upo msimu mmoja ambao maneno hayo hayautoshi, nao ndio ninaotaka kuuzungumza leo. Ni msimu wa 2018/19, ulioanza Desemba 2018 ukamalizika Mei 2019, ambapo Bandari ya Mombasa ilishika nafasi ya pili katika Ligi Kuu ya Kenya, nyuma ya Gor Mahia.

Ninalolisema ni jambo moja tu, na nitalisema mapema ili msomaji asije akanitafuta njiani. Mpira ambao sisi wenyewe hatuulipii mlangoni, hutokea mwingine akaulipia. Na mwenye kulipa ndiye mwenye kuupa jina. Msimu ule ulituonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba vijana wa Mombasa wanaweza kusimama na yeyote katika nchi hii, na kwamba mji wa Mombasa ulikuwa haujaamua kama unawataka.

Kwanza tuukumbuke msimu wenyewe, maana sisi ni watu wa kusahau upesi. Timu zilikuwa 18, na kila moja ilikuwa na michezo 34. Michezo hiyo ilibanwa ndani ya miezi sita, kwa sababu kalenda ya ligi yetu, iliyozoea kuanza mapema mwakani na kwisha mwishoni mwa mwaka, ilikuwa inageuzwa ifuatane na kalenda ya Shirikisho la Afrika. Kwa hiyo ulikuwa msimu wa haraka, wa safari za mfululizo, na kwa timu ya Mombasa safari ni jambo zito. Timu ya Nairobi hucheza michezo mingi bila ya kuuacha mji wake. Timu ya Mombasa kila mchezo wake wa ugenini ni mamia ya kilomita: leo Nairobi, wiki ijayo Kakamega, kisha Kisumu.

Mkufunzi wa Bandari alikuwa Bernard Mwalala, ambaye zama za uchezaji wake aliwahi kuivalia jezi Yanga ya Dar es Salaam. Langoni alisimama Farouk Shikalo, ambaye baada ya msimu ule Yanga hiyo hiyo ilikuja kumchukua. Ulinzi uliongozwa na Felly Mulumba kutoka Kongo, na mbele alikuwako William Wadri wa Uganda. Ukiitazama orodha ile unaiona bandari yenyewe: shehena zishukazo Kilindini huenda Uganda na Kongo, na huko nako kukaja wachezaji. Timu ilifanana na kazi ya mji wake, nami sikuona timu nyingine katika ligi ile iliyokuwa hivyo.

Januari 2019 timu hiyo ilikwenda Dar es Salaam katika mashindano ya kampuni ya SportPesa, ikakutana na Simba katika nusu fainali, mbele ya Waswahili wa Bongo, ikaifunga 2 kwa 1. Katika fainali ilifungwa bao 1 kwa bila na Kariobangi Sharks ya Nairobi. Kwa ushindi huo Sharks ndiyo iliyopata nafasi ya kucheza na Everton ya Uingereza, ilipokuja Nairobi Julai ya mwaka ule. Bandari ikarudi nyumbani mikono mitupu, lakini haikuvunjika moyo. Ligi ilipokwisha ilikuwa ya pili. Na mwanzoni mwa Juni, Ramadhani ikiwa haijaisha, ilikutana na Sharks wale wale katika fainali ya Ngao kule Kasarani, ikawalipa mabao 3 kwa 1 na kutwaa kombe.

Sasa tuyapime hayo kwa mizani ya historia. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, na mabingwa wa kwanza walikuwa Nakuru All Stars. Mwaka 1965 bingwa alitoka Mombasa, nayo ilikuwa klabu ya Feisal. Tangu hapo mpaka ulipoanza msimu wa 2018/19, miaka zaidi ya 50, kombe la ligi halikuvuka tena Mariakani kuja huku. Liliwahi kukaa Nairobi, likakaa Awendo, likazoea kukaa kwa Gor Mahia na kwa AFC Leopards. Vijana wetu walipokuwa hodari walipanda gari wakalifuata huko huko. Mahmoud Abbas, mlinda lango ambaye jina lake lilijulikana Afrika Mashariki nzima katika miaka ya 1980, alikuwa mtoto wa Mombasa, lakini sifa zake alizipata akiwa langoni mwa AFC Leopards na timu ya taifa. Basi timu ya Mombasa ikae Mombasa, ilale Mombasa, na iwe ya pili katika nchi, halikuwa jambo dogo. Lilikuwa jambo la kupigiwa ngoma.

Ngoma haikupigwa. Na hapa ndipo penye hoja yangu.

Siku za michezo ya Bandari nilikuwa nikienda Mbaraki. Uwanja ule hauko mbali na ile nguzo kongwe ya mawe tuliyorithi kwa wazee, na mtu aliyeko mjini hahitaji zaidi ya gari moja kufika. Kiingilio cha mpira wetu aghalabu hakifiki bei ya sahani ya biriani. Hata hivyo nafasi za kukaa zilikuwa nyingi, na waliokuja wengi wao walikuwa wafanyakazi wa bandarini na jamaa zao. Wenye maduka wa mjini, walimu wetu, mawakili wetu, vijana wanaojua kila habari ya kila mchezaji wa Ulaya, hao sikuwaona. Walikuwako mahali pengine. Walikuwa katika vibanda vya kuonyeshea mpira, na huko nako walilipa, tena kwa furaha, ili kutazama ligi ya Uingereza.

Simlaumu mtu kwa kupenda mpira mzuri. Msimu ule ule wa 2018/19 ligi ya Uingereza ilikuwa tamu kweli kweli: Manchester City ilitwaa ubingwa kwa pointi 98, na Liverpool ikawa ya pili kwa pointi 97, baada ya kupoteza mchezo mmoja tu mwaka mzima. Mohamed Salah wa Misri na Sadio Mané wa Senegali, Waislamu wawili wanaosujudu uwanjani wafungapo, walimaliza wakiwa na mabao 22 kila mmoja, sawasawa na Pierre-Emerick Aubameyang wa Arsenal. Tarehe 1 Juni, usiku wa saa nne kwa saa zetu, Liverpool ilicheza na Tottenham huko Madrid kugombea ubingwa wa Ulaya. Watu walitoka tarawehe wakaenda moja kwa moja vibandani, na Salah alipofunga penalti dakika ya pili mitaa yetu ilitikisika.

Lakini hebu tutazame ajabu iliyomo humo. Mombasa ilikuwa na Liverpool yake. Wazee wetu katika miaka ya 1960 waliishangilia Liverpool ya hapa hapa, yenye watoto wa mitaa ya hapa, ikishindana na Feisal mpaka ndugu wa tumbo moja wakanuniana. Wajukuu wa wazee hao leo ukiwatajia Liverpool wanafikiria mji mmoja tu, nao uko ng'ambo ya bahari. Msimu ule zilikuwapo timu mbili zilizoshika nafasi ya pili katika ligi za nchi zao na kisha zikatwaa kombe mwanzoni mwa Juni. Moja ilikuwa Uingereza na nyingine Mbaraki. Vijana wetu walilia na kucheka kwa ajili ya ile ya mbali, na ile ya jirani wakasoma habari zake kesho yake, kama walisoma.

Taib. Sasa tuje kwenye jina.

Msomaji aliyepita chuoni hahitaji kukumbushwa kwamba katika Suratul Maida, aya ya 90, ulevi na kamari vimetajwa pamoja, bega kwa bega, miongoni mwa mambo tuliyoamriwa tuyaepuke. Haya, tuyatazame majina ya ligi yetu. Kuanzia 2012 hadi 2014 iliitwa kwa jina la bia ya Tusker. Kuanzia 2015 hadi msimu huo wa 2018/19 ikaitwa kwa jina la SportPesa, kampuni ya kamari. Ile Ngao ambayo Bandari iliitwaa Kasarani nayo ilibeba jina hilo hilo. Sisemi kwamba kuna mtu aliyekusudia kutukera Waislamu. Hakuna aliyetufikiria kabisa, na ndiyo maana nalitaja. Jina la ligi lilichaguliwa na aliyetoa fedha, nasi hatukuwamo miongoni mwa waliotoa.

Mimi si mufti, wala ukurasa huu si mimbari. Masuala ya nani aruhusiwe kucheza katika ligi ya namna hiyo, na mshahara wake una hukumu gani, nawaachia wenye elimu. Ninachoweza kusema ni kile nilichofunzwa nikiwa mdogo. Maalim wetu, Mola amrehemu, hakutukataza mpira. Alichotukataza ni gololi za kulana. Chezeni, akisema, lakini adhana ikilia kila mmoja arudishiwe zake. Maana anayekwenda kwao na gololi za mwenziwe huyo hakucheza, amekula. Nadhani hakuna aliyepata kunieleza tofauti ya mchezo na kamari kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Na kulana huko kumeingia mitaani mwetu kwa namna ambayo maalim hakuiota. Zamani mcheza kamari alikuwa na mahali pake, na mtu akimwona akiingia humo alijua. Sasa kamari imo ndani ya simu, mfukoni, hata msikitini mtu huingia nayo. Vijana, kwa kuwaiga wenzao wa Tanzania, ile orodha ya michezo wanayoibahatisha huiita mkeka. Neno hili ni letu, la ukili na miyaa, la kitu ambacho mama zetu walikisuka, tukakilalia na kukiswalia. Leo kijana anakwambia mkeka wake umechanika, nawe unajua kwamba kodi ya nyumba imekwenda. Mtu wa namna hiyo si shabiki tena. Shabiki hulia timu yake ikifungwa. Huyu hulia timu asiyoijua, ya mji asioujua, kwa kuwa imefunga bao asilolitaka.

Wapo watakaonijibu, na jibu lao nalijua kwa kuwa nimeambiwa mara nyingi. Husema: fedha haina dini. Husema: bila ya makampuni hayo wachezaji wangekufa njaa, na wewe mwandishi hungekuwa na ligi ya kuandikia. Jibu hilo si la kupuuzwa, kwa sababu lilikuja kupimwa, tena upesi kuliko mtu yeyote alivyotazamia.

Julai 2019 serikali haikuzihuisha leseni za makampuni kadhaa ya kamari, kwa ugomvi wa kodi. Agosti SportPesa ikatangaza kwamba inaondoa udhamini wake wote katika michezo ya Kenya. Ligi ya 2019/20 ikaanza bila mdhamini, na kabla ya mwaka kwisha tukaona yaliyokuwa chini ya zulia. Sony Sugar ya Awendo, iliyokuwa bingwa wa nchi mwaka 2006, ilishindwa kufika uwanjani mara tatu ikatolewa katika ligi. Gor Mahia, bingwa mwenyewe, wachezaji wake wakakaa bila mishahara. Mwaka 2020 ikaja kampuni nyingine ya kamari, BetKing, kwa mkataba uliotajwa kuwa wa miaka mitano. Mwaka 2021 nayo ikajiondoa.

Kwa hiyo wenye kusema kwamba ligi ilikuwa ikiishi kwa kamari walisema kweli. Lakini kweli hiyo ina upande wa pili. Nyumba ambayo nguzo yake moja ikiondoka inaanguka yote, haikujengwa vizuri. Mdhamini wa kamari hakuipenda Awendo wala Gor Mahia. Alikuwa na biashara, biashara ikaharibika akaondoka, na ni haki yake. Wakati huo huo alikuwa na jina lake kifuani mwa Everton; mpira ulikuwa kwake ubao wa kutangazia bidhaa. Watu wenye kuipenda timu ndio wasioondoka, na hao ndio ambao ligi yetu haikuwahi kuwategemea, kwa kuwa hawakujizoesha kutoa.

Bandari ilisimama. Haikusimama kwa muujiza. Mlipaji wake ni Halmashauri ya Bandari, na mfuko wake hutokana na meli, makontena na jasho la makuli na wenye kuendesha winchi. Riziki hiyo inaeleweka. Nami nasema wazi kwamba lau timu ile ingetegemea viingilio vya mji wa Mombasa peke yake, isingeufikia mwezi wa Februari wa msimu ule niliouelezea. Tusijidanganye basi kwamba nafasi ya pili ilikuwa yetu. Ilikuwa ya wafanyakazi wa bandarini na mwajiri wao. Na timu ya shirika ina hatari yake: mkurugenzi huja na mkurugenzi huondoka, na barua moja ya ofisini yaweza kuizima timu iliyochukua miaka kuiwasha. Tumeziona timu za mashirika ngapi katika nchi hii zikizimwa namna hiyo? Timu ambayo mji umeisimamia kwa miguu yake ndiyo isiyoweza kuzimwa kwa barua.

Lipo na suala la uwanja, ambalo hutajwa kila mara kana kwamba ni la serikali tu. Baada ya kuitwaa Ngao, Bandari iliingia katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Iliwatoa Al-Ahly Shendi wa Sudan, ikawatoa Ben Guerdane wa Tunisia, na ilipofika kwa Horoya wa Guinea ndipo safari ikakoma. Michezo yake ya nyumbani ilichezwa wapi? Nairobi. Mbaraki hapakuwa na sifa za kimataifa, na Uwanja wa Manispaa ulikuwa umevunjwa ili ujengwe upya. Mwenye arusi akawaalika wageni kwa jirani. Watunisia walikuja Kenya kucheza na timu ya Mombasa bila ya kuiona bahari yetu, na watoto wa Mombasa hawakuwaona Watunisia.

Agosti 2025, mashindano ya CHAN yalipochezwa Kenya, Uganda na Tanzania, jambo hilo lilirudi tena. Michezo yote ya Kenya ilikuwa Nairobi. Lakini ndugu zetu wa Unguja, watu wa lugha moja nasi na mila moja nasi, uwanja wao wa Amaan ulipokea wageni, na Senegal, Nigeria, Kongo na Sudan zikapita hapo. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba Pwani haijui mpira, au kwamba mji wa Waislamu hauwezi kuandaa shughuli ya namna hiyo. Unguja wameweza. Tofauti ni kwamba huko uwanja ni jambo ambalo mtu wa barazani huliuliza, na akiulizwa kiongozi lazima ajibu. Sisi hutaka kura ipigwe, tukapewa kofia na fulana, kisha tukalia miaka mitano.

Basi tufanyeje? Sipendi makala yanayolaumu na kuondoka, kwa hiyo nitataja machache yanayowezekana.

La kwanza ni kiingilio. Mtu mmoja mmoja, mchezo kwa mchezo. Anayeweza kulipa kibandani kila Jumamosi anaweza kulipa Mbaraki mara mbili kwa mwezi. Asiende kwa kuwahurumia vijana. Aende kwa kuwa mpira unaouona kwa macho yako, na jasho ukalisikia harufu yake, una ladha ambayo kioo hakina.

La pili ni wafanyabiashara wetu. Pwani ina wenye mabasi, wenye vinu vya unga, wenye maduka ya vitambaa, wenye mahoteli ya halali. Wengi wao hutoa sadaka kwa mkono ambao wa kushoto haujui, Mungu awalipe. Lakini wakiombwa kudhamini jezi za watoto wa mtaa hushituka, kana kwamba mpira ni upuuzi. Upuuzi kwao ni upi? Kijana aliye uwanjani saa kumi jioni amevaa jina la duka lako, au kijana yule yule akiwa kibandani na mkeka wake wa simu? Anayechukia kuona jina la kamari kifuani mwa mtoto wake, na aliweke lake.

La tatu ni kwa wenye kuupanga mpira. Michezo ya ligi aghalabu huanza kati ya saa tisa na saa kumi na robo, na alasiri hapa kwetu huingia katikati. Katika mwezi wa Ramadhani mchezaji aliyefunga hukimbia dakika 90 juani. Ligi za nchi za Kiarabu zilikwisha kulitatua jambo hilo kwa taa: huchezwa usiku, watu wamefuturu. Uwanja wenye taa Mombasa ungejaa baada ya tarawehe kuliko saa nyingine yoyote ya mwaka. Penye uwanja pawekwe pa kutawadhia na pa kuswalia, na akina mama watengewe pa kukaa kwa staha. Mzee ambaye sasa humkataza mwanawe kwenda mpirani kwa sababu ya swala hatakuwa na neno tena, na huenda akaja yeye mwenyewe.

La nne ni letu sisi washika kalamu. Feisal ya 1965 imebaki mstari mmoja katika orodha ya mabingwa. Waliocheza wengi wametangulia mbele ya haki, na waliobaki hawaulizwi. Hatukuacha vita vya Mombasa bila ya kuvitungia, wala kifo cha shekhe bila ya marthiya. Mbona ushindi huu hatukuutungia hata beti nne? Na Bandari ya 2018/19, iliyocheza juzi, nayo imeanza kufutika. Watu wasioandika ushindi wao hubaki na malalamiko yao tu, na malalamiko ndiyo wanayowarithisha watoto.

Naam, yapo ya kulalamikia. Marefa hukosea, na safari ni ndefu, na fedha za nchi hukaa zinakokaa. Lakini msimu ule timu yetu ilishinda katika hali hiyo hiyo, na sisi ndio tuliokosekana. Siku nyingine itakuja timu ya Pwani iliyo hodari kama ile, inshaallah. Itakapokuja, kabla ya kuuliza nani ameipa jina ligi, na tuulize nani alilipa. Nimeyafunga hayo katika ubeti mmoja, apendaye aukariri:

Mpira una mpango, na mwenye kuulipia,
Akiutoa mchango, ndiye wa kuamulia,
Akaaye nje ya lango, hana la kulaumia,
Tukiuacha mlango, kamari itaingia.